Binti wa Katuba na taa za sinema



Katika mkutano wa siku ya posho iliyopita mama mwenzetu wa Katuba alileta neno ambalo halikuwa limefika kwetu hata siku moja. Binti yake alipata diploma ya serikali katika umeme, na tangu hapo amekaa mwaka mzima nyumbani akipeleka barua za kuomba kazi. Sasa watu wanaotengeneza filamu wamemwita awe msaidizi wa elektro kwa majuma matatu. Elektro ndilo jina la fundi wa umeme kwenye sinema. Kazi inaanza jioni na kuisha kunapopambazuka. Baba mdogo wa binti amekataa kabisa: msichana gani analala inje na watu wa sinema, tena ameshika kuran mkononi? Mama hajui amjibu nini shemeji yake, na binti hasemi na mtu tangu siku ile. Watu wa filamu wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Tuliombwa tueleze kazi hiyo ni kazi gani kweli, na mzazi aulize nini kabla ya kusema ndiyo au hapana. Tumeuliza mafundi, tumesoma, na wanne wetu walikwenda usiku mmoja kusimama pembeni ya mahali ambapo vijana walikuwa wakipiga filamu fupi, vitenge mabegani kwa baridi ya mwezi wa saba.

Kwanza tuliache wazo la kwamba elektro ni mtu wa kuwasha na kuzima. Usiku ule walitaka picha ya mwanamke anayerudi nyumbani na ndoo ya maji, ameshika koroboi. Kwenye filamu haitazidi nusu dakika. Maelektro walifanya kazi karibu saa tatu kabla ya yule mwanamke kuchukua ndoo yake. Taa moja kubwa ilipandishwa juu ya stendi nyuma ya mwembe, ikafunikwa na jelatini ya buluu, ile karatasi ya plastiki isiyoyeyuka upesi kwa joto. Huo ndio ulikuwa mwezi. Taa ndogo ikafichwa nyuma ya ukuta wa jikoni, imegeuzwa kwenye shuka jeupe ili mwanga urudi usoni mwa mwanamke taratibu. Na mtu mmoja alikaa chini, kidole kwenye kifaa cha kupunguza mwanga, akiupandisha na kuushusha kidogo kidogo. Sisi tulidhani ni koroboi inayoangaza. Kumbe koroboi peke yake haitoshi kwa kamera, ni yule mtu aliyekaa chini ndiye aliyekuwa moto wake.

Anayeamua mwanga uweje ni mkuu wa picha, anayekaa karibu na mwongozaji. Lakini anayejua taa gani italeta mwanga huo, itawekwa wapi, itakula umeme kiasi gani, na kama nyumba ya watu itauvumilia, ni shefu elektro. Chini yake kuna maelektro wenyewe, na kwenye kazi kubwa kuna grupmani, mtu ambaye kazi yake yote ni kulinda jenereta. Binti wa Katuba ataanzia mkiani, kubeba stendi na vifuko vya mchanga vya kuzuia taa zisianguke. Vifuko hivyo ni vizito. Tusimdanganye.

Hesabu ndiyo roho ya kazi, na hapa diploma yake ina maana. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 220. Ukigawa wati za chombo kwa 220 unapata ampea kinazovuta. Kuna taa ya sinema ambayo watu wote waliojifunza kwa Kifaransa wanaiita mandarini kwa sababu ya rangi yake ya chungwa: inakula wati 800, ni karibu ampea 3 na nusu. Dada yake mkubwa, blondi, ina wati 2000, ampea 9. Prizi ya kawaida inavumilia ampea 16. Basi mandarini nne kwenye laini moja zinapita. Blondi mbili hazipiti, umeme utakatika, au, kama fundi wa nyumba alitia waya mwembamba na fusibo ya kudanganya, waya utapata moto ndani ya ukuta na hakuna atakayeona hadi moshi utoke. Mama anayepiga pasi ya wati 1500 huku jiko la umeme linapika maharagwe kwenye ralonji ileile anafanya jambo moja na hao, ila yeye hajahesabu.

Ralonji ndiyo iliyotustua zaidi. Kila kamba ya umeme iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, maelektro waliifungua yote hadi mwisho, hata pale walipohitaji mita tano tu. Kamba iliyobaki imejikunja inabana joto lake, na taa nzito ikifanya kazi saa nyingi plastiki inaweza kuyeyuka na nyaya kugusana. Kamba zote zililazwa pembeni ya njia, na pale watu walipopita ziliwekewa mkeka juu. Hakuna aliyepitisha kamba kwenye dimbwi. Sisi hapa kwenye salle yetu ya mikutano tuna ralonji ambayo hatujaifungua yote tangu tuinunue.

Sasa tuje kwa woga wa baba mdogo, maana si woga wa bure. Umeme unaua. Watu wengi wanafikiri fusibo au dijonkta inamlinda mtu. Haimlindi. Dijonkta ya ampea 16 inalinda waya usiungue, itakata zikipita ampea hizo 16. Mwili wa mtu unaweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, diferansieli, kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipotea kiasi cha miliampea 30, yaani, tukisema kama watoto wa shule, sehemu 30 katika 1000 za ampea moja, kinakata mara moja, kwa sababu huenda hizo zilizopotea zinapita ndani ya mtu. Na kuna waya wa ardhi, unaofungwa kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa kwenye udongo. Shefu elektro mwenye akili hawashi taa hata moja kabla ya kuona vitu hivyo viwili. Nyumba nyingi za mitaa yetu hazina hata kimoja, na ndani yake watoto wanachaji simu kwa mikono mibichi. Tukipima hatari kwa haki, binti huyu anaweza kuwa salama zaidi kazini, chini ya shefu mzuri, kuliko jikoni kwao. Chini ya shefu mbaya ni neno lingine, tutalirudia.

Taa zenyewe pia zina tabia. Zile za zamani zinakuwa moto mno, tone la mvua likiangukia kioo kinaweza kupasuka. Kuna nyingine zenye nguvu sana, zinaitwa HMI, zinazotoa mwanga kama wa jua la mchana. Kubwa zake zinafika wati 18,000, hizo huwezi kuzitia kwenye prizi ya nyumba ya mtu yeyote. Kioo chake cha mbele kinazuia miale inayochoma ngozi na macho, hivyo ikipasuka haiwashwi tena. Kabla ya kuwasha taa kubwa, elektro anapaza sauti ili watu wageuze macho. Siku hizi zimekuja taa za LED, nyepesi, hazichomi, na nyingi zinakula umeme kidogo hata betri inatosha. Mafundi wa hapa wanazipenda kwa sababu ya delestaji. Na kwa binti mwenye mwili mdogo zimefungua mlango ambao mandarini na blondi ziliufunga nusu.

Mmewahi kuona mistari myeusi inapita kwenye video ya simu mkipiga chini ya ampuli ya bei rahisi? Umeme wetu unageuka mara 50 kila sekunde, na ampuli nyingine zinapepesa pamoja nao. Jicho halioni, kamera inaona. Elektro lazima ajue taa gani inapepesa na amwambie mtu wa kamera mapema. Jenereta ikichoka na kupunguza mwendo, hesabu yote inaharibika, na mnapata filamu inayotetemeka ambayo hakuna atakayeinunua.

Jenereta, grupu kama tunavyoiita, ndiyo mzazi wa sinema ya Kongo. Filamu ya Djo Tunda Wa Munga, Viva Riva!, ya mwaka 2010, hadithi yake nzima ni ya uhaba wa petroli Kinshasa, na tunafikiri mtu ambaye hajawahi kusubiri petroli ya grupu asingeweza kuiwazia. Grupu inapiga kelele na maikrofoni inasikia, basi inapelekwa mbali, nyuma ya ukuta au upande wa pili wa shamba, na kamba ndefu. Kamba ikiwa ndefu na nyembamba umeme unafika umechoka, taa zinageuka manjano. Ikiwa nene ni nzito na ghali. Kila usiku ni mapatano kati ya masikio ya mtu wa sauti na mgongo wa elektro. Grupmani hatii petroli grupu ikiwa inanguruma au ikiwa bado moto. Na hairuhusiwi ndani ya nyumba, wala barazani, wala karibu na dirisha la watu waliolala: moshi wake una hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Tunaomba neno hili moja lisomwe kwa sauti kila nyumba yenye grupu.

Kazi hii si mpya katika inchi yetu. Mwaka 1951 Mmarekani John Huston alikuja kupiga filamu The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu katika jimbo la Tshopo, kabla ya kuhamia Uganda. Kamera yao ya Technicolor ilichukua rangi kwenye mikanda mitatu kwa wakati mmoja, na ilitaka mwanga mwingi mno, hata mchana, maana chini ya miti ile mto ni kivuli. Prizi haikuwako. Basi jenereta ilipandishwa kwenye chelezo, taa kwenye chelezo kingine, vikavutwa majini kimoja nyuma ya kingine. Mcheza filamu Katharine Hepburn naye alitengenezewa chelezo chake chenye choo na kioo kirefu. Mzigo ukazidi nguvu ya mashua. Kilichoachwa ni chelezo cha mama, jenereta ikaendelea na safari! Tulicheka sana tuliposoma, halafu mmoja wetu akasema tusicheke mno, tumuulize huyo shefu wa Katuba wasichana watakwenda wapi usiku.

Karibu na sisi zaidi, mwaka 2017 filamu Félicité ya Alain Gomis, iliyopigwa Kinshasa, ilipata zawadi kubwa ya pili huko Berlin. Ni hadithi ya mama anayeimba kwenye bar usiku, mtoto wake anaumia, na frigo yake imekufa, mwanaume anakuja kuitengeneza. Mkuu wa picha wa filamu hiyo ni mwanamke, Céline Bozon. Usiku wa Kinshasa unaouona pale, na nyuso za watu gizani, ni mwanamke aliyeuamua. Na mwaka 2018 Machérie Ekwa Bahango, binti wa Kinshasa, alipeleka filamu yake Maki'la huko huko Berlin. Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi, alirudi kupiga sehemu ya Augure mjini mwetu, na ikapokea zawadi Cannes mwaka 2023. Wanaposhangilia wacheza filamu, sisi sasa tunajiuliza nani alifungua zile kamba.

Tumetaja nyuso. Kwa miaka mingi filamu za kampuni kubwa za ng'ambo zilipimwa kwa picha ya mwanamke mzungu. Kwa Kodak kadi hizo za kupimia ziliitwa Shirley. Ngozi yetu ilitoka nyeusi bila sura, macho na meno tu. Wengine walitatua kwa kumwagia mtu mweusi taa kali, akatoka anang'aa jasho. Tulichoona usiku ule ni kitu kingine: mwanga unapigwa kwenye shuka au kwenye kipande kikubwa cha polistireni nyeupe, unarudi kwenye shavu kwa upole, na shavu linapata umbo. Hakuna shule ya ng'ambo inayojua uso wa mama yako kuliko wewe. Kwa hiyo tunaona ni jambo la maana watoto wetu wenyewe washike taa hizi.

Lakini turudi kwa mama wa Katuba, kwa kuwa uzuri wa shavu haulipi transport.

Siku ya nne yeye pamoja na wawili wetu walikwenda kumwona shefu elektro. Hatutaji jina wala la kampuni. Walimuuliza amefanya filamu ngapi na nani alimfundisha. Walimwomba awaonyeshe diferansieli, akafungua kisanduku, ikawepo, akaibonyeza kitufe cha kujaribu, ikakata. Hapo mama alipumua. Waliuliza glavu: zipo pea mbili kwa watu watano. Hiyo haitoshi, na tulimwambia mbele ya watu wake. Waliuliza saa. Kanuni ya kazi ya inchi yetu, ya mwaka 2002, inasema saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Alikubali kwamba usiku wa sinema mara nyingi unapita hapo. Basi je, saa za kuzidi zinalipwaje? Akajikuna kichwa. Tunasisitiza neno hili si kwa sababu ya feza tu. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu ndiye anayeshika waya ambao haujazimwa.

Karatasi haikuwako. Mapatano yalikuwa ya mdomo, kama kawaida ya kazi hizi, na hapo ndipo wamama walipogoma kuondoka kwenye viti. Waliomba iandikwe feza ya siku, siku ya kulipwa, nani analipa hospitali mtu akiumia, nani anamrudisha binti nyumbani alfajiri, na kwamba jina lake litaandikwa mwishoni mwa filamu. Hili la mwisho lilitoka kwa binti mwenyewe, ndilo neno pekee alilosema. Tulishangaa, lakini mafundi walitueleza kwamba jina hilo ndiyo barua ya kuombea kazi inayofuata. Choo kiliulizwa pia. Kuna familia jirani itakayofungua mlango wake, nayo italipwa.

Karatasi ilifika siku ya tano, imetiwa sahihi. Ya hospitali imeandikwa. Ya glavu wamenunua. Ya saa za kuzidi wameweka maneno yasiyo wazi, na tumemshauri mama asiyakubali hivyo, ameirudisha kwao. Ya kumrudisha binti waliandika kwamba watajitahidi. Kujitahidi si gari.

Hapo ndipo baba mdogo, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kona ya nyumba wakati wa kusoma karatasi, aliuliza kazi inaisha saa ngapi hasa. Akaambiwa saa kumi na moja. Ana pikipiki yake ya kazi, na saa hiyo huwa anaitoa kwa wateja wa kwanza wa soko. Amesema juma la kwanza atampitia mwenyewe, aone watu hao kwa macho yake, kisha atajua la kusema. Hajasema ndiyo. Binti ameanza kuongea tena.

Kabla ya kuanza kazi ameahidi kuja kwenye salle yetu siku ya posho ijayo, saa tisa, kutazama ralonji. Kila mama alete ya nyumbani kwake, pamoja na prizi zake zilizofungwa kwa skochi. Zilizoungua atazikata palepale kwa mkasi ili mtu asizirudishe nyumbani, basi msilete ya kuazima.